Kura katika Nchi ya Chai: Habari za Roret na Bureti

Tangu mwaka 1992, vyama vingi vilipoingia tena uwanjani baada ya miaka mingi ya chama kimoja, hata mwaka 2022, watu wa Roret na ndugu zao wa Bureti, pamoja na jirani zao wa nchi yote ya chai ya Kericho na Bomet, wameitwa kwenye uchaguzi mkuu mara saba ili kumteua rais wa Kenya. Na katika mara hizo saba wingi wa kura zao ulimwendea Mkalenjin mara tatu, Mkikuyu mara tatu, na Mjaluo mara moja. Mwaka 1992 na 1997 walimpa Daniel arap Moi. Mwaka 2002 wakampa Uhuru Kenyatta. Mwaka 2007 wakampa Raila Odinga. Mwaka 2013 na 2017 wakamrudia Uhuru Kenyatta. Na mwaka 2022 wakampa William Ruto. Wenye haraka ya kuhukumu husema kwamba mpiga kura wa Kenya hutazama kabila la mgombea tu, na kwamba hapana sababu nyingine ya kutafutwa. Lakini mwenye kuizingatia hesabu hii kwa insafu ataona kwamba kauli hiyo haitoshi kuieleza, maadamu watu hao hao, katika muda usiozidi miaka thelathini, wamewachagua watu wa makabila matatu.

Nionavyo, kura ya Roret ni kura ya watu ambao ardhi yao iliwahi kukatwa na kugawiwa katika baraza wasimokuwamo, na ambao tangu hapo hawakubali kukosa mtu wao mahali linapokatwa shauri la ardhi. Aliyewaahidi mahali hapo kwa ahadi iliyoaminika walimfuata, awe ametoka Sacho kama Moi, Gatundu kama Kenyatta, au Bondo kama Odinga. Na kando ya kura hiyo, ambayo hupigwa kama kwa kauli moja, iko kura ya pili, ya mbunge na ya diwani, ambayo wameitumia kwa ukali mwingine kabisa, wakiwaangusha wakubwa ambao nchi nzima iliwastahi. Habari za kura hizi mbili ni ndefu, na asili yake ni ya kale kuliko sanduku la kura lenyewe.

Roret ni mahali pa vilima vya udongo mwekundu katika sehemu ya Bureti, kusini ya mji wa Kericho, penye mashamba madogo madogo ya chai yaliyopandwa hadi kwenye kizingiti cha nyumba, ng'ombe wa maziwa, na mahindi. Mpaka wa nchi ya Wakisii hauko mbali, na kwa upande wa Sondu hukutana nchi za watu watatu, Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii. Mwanachuoni mmoja wa Kifaransa, André Siegfried, aliyeandika mwaka 1913 juu ya uchaguzi wa magharibi ya Ufaransa, alidai kwamba jiwe lililo chini ya miguu ya watu hufungamana na kura zao, kwa maana udongo huamua namna ya makazi, na makazi huamua mamlaka ya mwenye shamba na ya padri. Wengi wamemlaumu kwa kupita kiasi; lakini akizuru nchi ambayo upande mmoja wa barabara ni shamba la kampuni lisilo na mwisho na upande wa pili ni robo eka ya mjane, mtu hawezi kumpuuza Siegfried asilani.

Kabla ya Waingereza kufika, Wakipsigis, ambao ni Wakalenjin na ndio watu wa Bureti, hawakuwa na sultani wala mfalme. Shauri la kila siku lilikatwa katika kokwet, yaani baraza la watu wa mtaa mmoja, ambamo wazee walikaa chini ya mti na kila mwenye neno alilisema. Na aliyeheshimiwa kwa busara, kirwogindet, alingoja hata maneno yakaisha ndipo akayakusanya na kutamka lile ambalo baraza lilikuwa tayari limeliridhia. Hapakuwa na kuhesabu mikono. Jamaa ya ukoo, oret, na jamaa ya rika, ibinda, zilimfunga mtu kwa ndugu wa mbali na wa karibu, hata mtu wa Bureti akifika Sot au Belgut hakukosa wa kumpokea. Katika kokwet mwenye rai tofauti aliisema mapema, kabla ya shauri kukatwa, wala hakuiweka moyoni akaja kuitoa baadaye kwa siri. Na shauri likishakatwa, lilikuwa la wote.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Sanduku la kura la Kiingereza lilimtaka mtu aingie peke yake nyuma ya pazia na kuamua peke yake, ilhali mila ya mtaa ilimtaka aamue mbele ya wenzake na pamoja nao. Wala Wakipsigis si watu wa ajabu katika hili. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenziwe waliwafuata wapiga kura wa wilaya ya Erie, katika jimbo la Ohio la Marekani, mwezi baada ya mwezi, wakitaraji kuona jinsi redio na magazeti yanavyowageuza watu. Na walichokiona ni kwamba wengi walikwisha kuamua mapema, pamoja na jamaa zao, watu wa kanisa lao na wenzao wa kazini, na kwamba habari za magazetini ziliwafikia wengi kwa kinywa cha jirani waliyemwamini. Hiyo ndiyo kokwet, hata kama huko Ohio hawakuiita hivyo. Mpaka leo, wiki za mwisho kabla ya uchaguzi, maneno yazungumzwayo kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, wakati wakulima wanapongoja lori, yana uzito kuliko hotuba ya jukwaani.

Katika mwaka 1905 Waingereza walipeleka kikosi cha askari Sotik, kwa sababu ya ng'ombe waliotekwa kwa Wamasai, wakaua watu na kuswaga mifugo. Na haukupita muda mrefu ardhi ya Sotik ikakatwa na kupewa masetla, iwe kama ukuta kati ya Wakipsigis na jirani zao. Baada ya vita vikuu vya kwanza ilitengwa ardhi karibu na Kericho kwa maafisa wa jeshi waliojeruhiwa, mradi ambao haukufaulu. Kisha, katikati ya miaka ya 1920, wakaja wakubwa wa chai, kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay, na vilima vyenye mvua ya kutosha mwaka mzima vikageuka kuwa bustani moja ya kijani. Wenyeji waliosalia katika hifadhi waliruhusiwa kuja kuchuma kwa mshahara, lakini hawakuruhusiwa kupanda mche wao wenyewe, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa waganga watukufu wajulikanao kama orgoiik, ambao serikali iliwashuku kuwa ndio vichwa vya upinzani. Na takriban watu 700, wazee na wanawake na watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa mbung'o na joto, ambapo wengi walikufa na mifugo yao ikaangamia. Katika mambo haya yote hapana hata moja ambalo Wakipsigis waliulizwa rai yao. Mtoto aliyezaliwa Roret mwaka ule wa 1934 alikuwa na miaka 22 au 23 Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza, na habari za Gwassi alizisikia jikoni kabla hajasikia neno uchaguzi.

Kura ile ya kwanza, ya Machi 1957, iliwaruhusu Waafrika kuchagua wajumbe wanane tu wa Baraza la Kutunga Sheria, na haikuwa sawa kwa wote. Kwa kufuata taarifa ya Walter Coutts, mtu alipimwa kwa elimu yake, mapato au mali yake, utumishi wake serikalini na heshima yake katika jamii, na kwa vipimo hivyo mmoja alipewa kura moja, mwingine mbili, na mwingine tatu, ilhali jirani yake asiye na shahada wala mshahara alikosa hata moja. Mwalimu wa shule ya misheni ya Litein aliweza kuwa na sauti kubwa kuliko mzee aliyemfundisha mila. Wakati huo Kericho ilihesabiwa katika Jimbo la Nyanza. Mwaka uliofuata, 1958, viti vilipoongezwa, palikatwa sehemu mpya iliyoitwa Kusini, iliyowakusanya zaidi Wakipsigis na Wamasai, na aliyechaguliwa ni Taaitta Toweett, kijana mwenye kalamu na ulimi, aliyesoma kwa bidii mpaka akapata shahada kwa njia ya posta kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Kwa mara ya kwanza tangu siku za kikosi cha Sotik, nchi ya chai ilikuwa na mtu wake mahali sheria zinapotungwa.

Toweett hakukawia kuutambua wasiwasi wa watu wake. Uhuru ulipokaribia, swali kubwa katika nchi ya Kericho halikuwa lini mkoloni ataondoka, kwa kuwa hilo lilikuwa dhahiri, bali ardhi aliyoitwaa itarudi kwa nani. Mwaka 1960 uliundwa Muungano wa Kisiasa wa Wakalenjin, naye Toweett akiwa mbele. Na mwezi Juni mwaka huo, huko Ngong, muungano huo ukajiunga na vyama vya makabila mengine madogo kuunda KADU, chini ya Ronald Ngala, pamoja na Moi na Masinde Muliro. Waliogopa kwamba KANU, chama cha makabila makubwa, kingeshika serikali yote na kuwagawia watu wake wasio na ardhi yale mashamba ya masetla. Ndiyo maana wakadai majimbo, yaani kila jimbo lishike shauri la ardhi yake. Wakosoaji wao waliwaita vibaraka wa masetla, na katika hilo mna ukweli, kwa kuwa masetla nao waliyapenda majimbo kwa faida yao. Lakini haki ya msemo huo isitufanye tuidharau hofu ya mkulima wa Bureti, ambaye alikuwa ameshaona kwa macho yake jinsi nchi inavyokatwa kwa kalamu ya mtu aliye mbali. Tume ya mipaka ya 1962 ikaitoa Kericho katika Nyanza na kuiweka katika Bonde la Ufa, ambako ndugu wa lugha moja walikuwa wengi. Novemba 1964 KADU ilivunjwa na viongozi wake wakaingia KANU. Jina la chama likafa, hofu iliyokizaa ikabaki, na mtu asiyejua jambo hilo hataelewa hata kidogo yaliyotokea miaka thelathini baadaye.

Kisha ukaja wakati wa chama kimoja, kwanza kwa mazoea na kuanzia 1982 kwa sheria, na huo ndio wakati kura ya pili niliyoitaja, kura ya kumpima mtu, ilipokomaa. Wote walikuwa KANU, wote walisimama chini ya jogoo mmoja, na hapakuwa na mtu wa kabila lingine wa kuogopwa katika Bureti. Lililobaki la kuuliza ni huyu ametufanyia nini. Mbunge alipimwa kwa harambee: ametoa kiasi gani kwa ajili ya shule, amekuja na waziri gani, amejenga josho, ameleta maji. Na kuliko yote alipimwa kwa barabara. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai, KTDA, iliyoanzishwa mwaka 1964 juu ya msingi wa shirika lililotangulia, ilikuwa imewafungulia wakulima wadogo mlango uliofungwa na wakoloni, na kilima baada ya kilima kilipandwa miche. Lakini jani la chai lililochumwa asubuhi halingoji. Likilala gunia kwa saa nyingi huchemka, hugeuka rangi, na kiwanda hulikataa. Basi mvua ikinyesha, lori likakwama matopeni chini ya kilima, na wanawake waliochuma tangu alfajiri wakarudi nyumbani na majani yasiyouzika, hesabu ya mbunge iliandikwa hapo hapo, bila kalamu, na haikufutika mpaka siku ya kura.

Toweett mwenyewe aliionja hesabu hiyo. Alikuwa waziri, wa elimu na wa wizara nyinginezo, alipata shahada ya udaktari wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa mmoja wa watu wachache walioweza kusema kwamba walikuwako tangu mwanzo wa siasa za Waafrika. Na mwaka 1979, katika uchaguzi wa kwanza wa Moi kama rais, watu wa Bureti walimwangusha na kumchukua Jonathan Ng'eno, msomi mwingine aliye kijana kuliko yeye, ambaye Moi alimfanya waziri na ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Siamini kwamba walimchukia Toweett. Mzee wao akizungumza, waliendelea kumsikiliza mpaka alipokufa ajalini mwaka 2007. Waliona tu kwamba zamu yake imekwisha, na katika nchi ambako marika hupokezana uongozi kwa utaratibu tangu dahari, kumwambia mtu zamu yako imekwisha si tusi.

Kwa hiyo naliona jambo la mwaka 1988 kuwa dhuluma kubwa kuliko inavyosemwa aghalabu. KANU kilikuwa kimeamua kwamba katika uteuzi wa wagombea watu wasipige kura kwa siri, bali wapange foleni nyuma ya wakala au picha ya wamtakaye, na atakayepata zaidi ya asilimia 70 achukuliwe kuwa amekwisha kuchaguliwa. Baadhi ya watetezi wa mlolongo huo walisema kwamba huo ndio uwazi wa Kiafrika, kana kwamba wazee wa kale walipanga foleni. Lakini katika kokwet hapakuwa na foleni. Palikuwa na maneno, na mwenye rai tofauti alipewa nafasi ya kuisema kabla shauri halijakatwa. Katika mlolongo mtu hakupewa neno, alipewa mahali pa kusimama, chini ya jicho la chifu na la vijana wa chama. Na kote nchini watu walishuhudia foleni fupi zikitangazwa kuwa ndefu. Mlolongo ukafutwa baada ya kamati ya George Saitoti kuzunguka nchi mwaka 1990 na kusikia hasira ya raia. Waliokuwa vijana wa foleni ile sasa ni wazee, na katika kila uchaguzi uliofuata hawakuacha kumuuliza wakala wa chama chao amelala wapi usiku wa kuhesabu.

Halafu ukaja mwaka 1991, na hofu ya ardhi ikarudi kwa mavazi ya kutisha. Madai ya vyama vingi yalipozidi, wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa walifanya mikutano ya kudai majimbo, mmoja Kapsabet na mwingine, tarehe 21 Septemba 1991, Kapkatet, mwendo mfupi tu kutoka Roret. Na katika mikutano hiyo yalisemwa maneno ya kuwatisha wapinzani na wale walioitwa wageni katika nchi. Mwishoni mwa Oktoba moto ukawaka katika shamba la Meteitei huko Nandi, kisha ukaenea, na mipaka ya Sondu na Sotik, ambako watu walikuwa wameuziana mahindi na kuoana kwa vizazi, ikawa mistari ya mishale. Kamati ya Bunge ya 1992 na tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa 1998 zilichunguza, na ikadhihirika kwamba moto ule ulikuwa na wachochezi. Ni wajibu kusema wazi: hofu ya mkulima juu ya ardhi yake ilikuwa ya kweli, na wapo wakubwa walioichukua hofu hiyo ya kweli na kuifanya silaha ya kulinda vyeo vyao. Mkisii aliyechomewa nyumba Sotik hakuwa amemnyang'anya mtu ardhi mwaka 1905. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, aliyekuwa na rai tofauti katika Bureti hakuwa na mahali salama pa kuisema, na kura ya namna hiyo, hata kama ilihesabiwa sawasawa, siwezi kuiita huru.

Moi alipostaafu mwaka 2002 aliwaonyesha watu wake Uhuru Kenyatta, nao, ilhali nchi nzima ikimtaka Mwai Kibaki, wakamfuata Moi. Tazama basi yaliyotokea katika miaka mitano. Serikali ya Kibaki iliwaondoa Wakalenjin wengi katika vyeo vya juu, na Bonde la Ufa likajiona limewekwa nje ya mlango. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 juu ya katiba, wakachagua chungwa dhidi ya ndizi. Na Desemba 2007 watu wale wale, ambao wazee wao walijiunga na KADU kwa kuyaogopa makabila makubwa, walimpa kura Raila Odinga kwa wingi mkubwa, kwa sababu mkononi mwake alikuwa na ahadi ya kugawa madaraka, na kando yake walisimama watu wao, William Ruto wa Eldoret na Kipkalya Kones wa Bomet. Matokeo yalipotangazwa na kukataliwa, nchi ikapasuka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na katika mashamba makubwa ya Kericho wafanyakazi wengi waliotoka wilaya nyingine walikimbia na kuacha nyumba zao zikiteketea.

Mapenzi kwa Raila hayakufika miaka miwili. Serikali ya mseto ilipoazimia kuuokoa msitu wa Mau, na Raila akiwa waziri mkuu aliyesimamia kazi hiyo, maelfu ya familia zilifukuzwa mwaka 2009, na wengi wao walikuwa Wakipsigis. Kwamba msitu ulihitaji kuokolewa ni kweli isiyo shaka, kwani mito inayonywesha chai yenyewe hutoka humo. Lakini mtu aliyeona mama yake akilala kando ya barabara chini ya turubai hakuambiwa habari za mito akaelewa. Katika Bureti habari ile ilisikika kama Gwassi iliyorudi. Agosti 2010, katiba mpya ilipopigiwa kura, Bonde la Ufa lilikuwa jimbo pekee la Kenya ambalo wingi wa kura zake uliikataa, na sura ya ardhi ilikuwa katika sababu zilizotajwa kila mahali. Machi 2013, Uhuru na Ruto, wote wawili wakiwa washitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walisimama pamoja, na nchi ya chai ikawapa kura karibu zote. Kesi ile iliyokusudiwa kuwashusha iliwapandisha. Wakati huo redio za lugha ya Kikalenjin, Kass FM na Chamgei FM, zilisikika katika kila jiko, na kokwet ambayo zamani ilikuwa ya mtaa mmoja ikawa ya nchi nzima, kwa faida na kwa hatari.

Hapa pana mambo mawili ambayo hesabu za vyama haziyafikii. La kwanza ni msiba. Juni 2008 ndege iliyowachukua Kipkalya Kones, waziri na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, ilianguka wakafa wote. Na Septemba mwaka huo, katika nchi ambako wazee wengi walikuwa bado wakisema kwamba mwanamke hasimami barazani, Bomet ikamchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu, na Sotik ikamchagua Joyce Laboso, dada wa marehemu, siku moja. Walioanza kwa kuhurumiwa walionekana wakifanya kazi. Na mwaka 2017 Joyce Laboso alimshinda Isaac Ruto, gavana aliyekuwa na chama chake mwenyewe na sauti ya ngurumo, akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana katika Kenya, mpaka alipofariki mwaka 2019.

La pili ni uchaguzi mdogo wa useneta wa Kericho, wa Machi 2016. KANU, chama cha miaka yote ile, kilimsimamisha Paul Sang, mtu wa Bureti aliyewahi kuwa mbunge wake, na Gideon Moi, mwana wa Daniel arap Moi, akaja kumwombea kura. Jubilee kikamsimamisha Aaron Cheruiyot, kijana ambaye wengi walikuwa hawajalisikia jina lake. Lau kura ingekuwa ya ukoo na ujirani tu, Bureti ingetosha kumwinua mtoto wake. Lakini swali lililozungumzwa kwenye vituo vya majani lilikuwa lingine: tukimpa Sang, je, tutakuwa tumemdhoofisha Ruto, Naibu wa Rais, kabla ya zamu yake kufika? Cheruiyot akashinda. Sang alipata kura nyingi zilizowashangaza wakubwa wa Jubilee, nazo zilikuwa kura za watu waliochukizwa na bei ya chai na kuamuliwa mambo huko Nairobi. Yaani zile kura mbili, ya jamaa na ya kumpima mtu, ziligongana siku hiyo katika karatasi moja.

Nimetaja bei ya chai, na pengine ingefaa niitaje mapema. Mkulima wa KTDA hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni hupata malipo makubwa, bonasi, kwenye mwezi wa Oktoba. Ada ya shule, bati la nyumba, mahari na deni la duka, vyote hungoja bonasi. Na kila mwaka mkulima wa Kericho husoma kwamba mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, wa Kirinyaga au Murang'a, amelipwa zaidi kwa kilo ile ile. Chaguzi za 1992, 1997, 2002 na 2007 zilifanyika mwisho wa Desemba, bonasi ikiwa imekwisha kulipwa. Tangu 2017 zimefanyika Agosti, wakati mkulima bado anakisia atapata nini, na mgombea anaweza kumwahidi lolote. Sijaona mtu aliyelipima jambo hili kwa hesabu, nami nadhani lastahili kupimwa. Wakulima hao hao huwachagua pia wakurugenzi wa viwanda vyao, na kwa miaka mingi wamegombana juu ya kipimo cha kura hiyo, iwe kwa wingi wa hisa au mtu mmoja kura moja, ugomvi ambao mzee aliyeziona kura tatu za Coutts mwaka 1957 hahitaji kuelezwa.

Mwaka 2018, chini ya serikali waliyoichagua wenyewe mara mbili, familia za Wakipsigis zilifukuzwa tena msituni, safari hii upande wa Narok. Tarehe 9 Agosti 2022 Kericho na Bomet zilimpa William Ruto zaidi ya asilimia 90 ya kura zao, chini ya alama ya wilibaro, na kwa mara ya kwanza tangu Moi mtu wao akaketi katika kiti chenyewe. Siku ile ile, kwa karatasi nyingine, watu wa Bureti walimchagua mbunge mpya, kama walivyofanya mwaka 2017, kama walivyofanya mwaka 2013.